Mysore, Hyderabad au Jaipur: kasri lipi la India ulitembelee?

Binti wa shangazi yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Bengaluru, jiji ambalo wengi wetu bado tunaliita Bangalore. Yuko huko na mama yake anayetibiwa goti. Vipimo vimeshachukuliwa, daktari kasema majibu ni baada ya siku nne, na wao wamechoka kutazamana na kuta za chumba cha kupanga. "Dada, tunataka kuona kasri la wafalme kabla hatujarudi Dar. Wenyeji wanatutajia Mysore, jirani yetu kutoka Kigoma anasema Hyderabad, na kwenye simu kila picha ni ya Jaipur. Twende lipi?"

Sikumjibu papo hapo. Kwa uzuri, yote matatu ni mazuri na hakuna atakayejuta. Mimi nilisoma Mysore miaka mitatu, nikamuuguza mama Hyderabad wiki saba, na Jaipur nimekwenda mara mbili, mara ya pili nikiwa na watoto wa kaka yangu. Katika safari hizo nimeona kwamba kasri linalomfaa mwanafunzi mwenye miguu mizima na Jumapili isiyo na kazi silo litakalomfaa mama anayepanda ngazi kwa kushika ukuta. Nimeona pia kwamba kasri moja ukilitembelea taratibu, ukakaa, ukauliza, utalikumbuka kuliko matatu uliyoyapitia mbio.

Tuelewane kwanza tunakwenda kuona nini. India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na falme za kienyeji zaidi ya 560, kubwa na ndogo, ambazo Waingereza waliziacha chini ya wafalme wao. Falme hizo zikaunganishwa na nchi mpya, wafalme wakawa wanalipwa posho na serikali. Mwaka 1971 katiba ikarekebishwa: posho ikafutwa na vyeo vikafutwa. Kasri kubwa halitunziki bila fedha. Baadhi yakageuzwa hoteli, baadhi yakaachwa yakachakaa, na mengine yakafunguliwa kwa watu wanaokata tiketi. Haya matatu ni ya kundi hilo la mwisho. Mysore na Jaipur koo za wafalme bado zina sehemu zao za kuishi, na utafika mlango utakaoambiwa huu haupitiki.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Nilimuuliza ndugu yangu maswali matano, na hayohayo ndiyo nitakayoyatumia kwa kila kasri hapa chini.

La kwanza ni njia na muda. Upo mji gani tayari, na una siku ngapi ambazo hakuna miadi ya daktari wala mtihani? India ni kubwa. Kutoka Bengaluru hadi Jaipur ni safari ya ndege, si ya kwenda na kurudi kwa basi.

La pili ni kitu gani ndani ya kasri kinakuvuta: jengo lenyewe, vitu vilivyomo, au habari za watu walioishi humo. Kila kasri lina nguvu yake mahali tofauti.

La tatu ni kiingilio na masharti. Makumbusho mengi ya India humtoza mgeni mara kadhaa ya anachotozwa raia, na bei hupanda bila taarifa, kwa hiyo sitaandika namba zitakazokupotosha. Angalia bei siku unayokwenda. Tembea na pasi yako ya kusafiria, na kama ni mwanafunzi chukua kitambulisho cha chuo, maana kuna mahali kinapunguza bei.

La nne ni miguu, jua na umati. Hili watu hulisahau, na ndilo lililomaliza safari nyingi mapema.

La tano ni nani unayekwenda naye.

Kasri la Mysore

*Njia na muda.* Mysore, ambayo kwa jina rasmi sasa ni Mysuru, iko kilomita kama 145 kutoka Bengaluru. Treni za haraka hutumia saa mbili hivi, basi au gari saa mbili hadi tatu kwa barabara mpya. Mtu aliyeko Bengaluru anaweza kuondoka alfajiri na kurudi usiku. Kasri hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, na wageni huingilia geti la kusini. Ndani panatosha saa mbili. Ongeza saa moja ya kukaa tu uwanjani.

*Utakachokiona.* Hapa jengo ndilo linalosema. Kasri la zamani lilikuwa la mbao, na mwaka 1897, wakati wa sherehe za harusi ya binti wa mfalme, likashika moto. Malkia mama Kempananjammanni, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mwanawe ambaye bado alikuwa mdogo, akamwagiza mbunifu Mwingereza Henry Irwin alijenge upya. Likakamilika mwaka 1912 kwa zaidi ya rupia laki 41. Neno hilo "laki" ni lilelile tunalolitumia sisi. Siku ya kwanza nilipomsikia mwongoza wageni akilitamka niligeuka nikidhani kuna Mtanzania nyuma yangu.

Safari hii hawakuiamini mbao. Kuta ni za mawe ya itale ya kijivu, makuba ni ya marumaru ya rangi ya waridi, na ukumbi wa harusi umebebwa na nguzo za chuma cha kusubu zilizotengenezwa Glasgow na kuvushwa bahari. Ukumbi huo una pembe nane. Simama katikati utazame juu: dari yote ni vioo vya rangi vyenye tausi, buluu na kijani. Kisha tazama miguuni, utakuta tausi haohao wamerudiwa kwenye vigae vya sakafu. Mwanga wa saa tano asubuhi ukipita kwenye vioo unamwagika sakafuni, watoto wanarukaruka kwenye vipande vya rangi, na askari anawaacha. Nimeingia ukumbi ule zaidi ya mara kumi na sijawahi kuutoka haraka.

Kuta za kuuzunguka zimejaa michoro mikubwa ya maandamano ya Dasara. Hii ni sikukuu ya siku kumi, kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, na siku ya mwisho tembo hubeba sanamu ya mungu wa kike Chamundeshwari kwenye kiti cha dhahabu chenye uzito wa kilo zipatazo 750. Kiti cha enzi cha dhahabu huonyeshwa wakati wa Dasara tu. Ukienda mwezi mwingine usikitafute.

Halafu kuna taa. Kila Jumapili na siku za sikukuu za taifa, kuanzia saa moja jioni, balbu karibu laki moja huwaka kwa pamoja na kuchora kila ukingo wa jengo. Hakuna anayekuandaa. Uwanja una giza, watu wanakula karanga, mara giza linakatika na uwanja mzima unatoa sauti moja. Zinabaki zikiwaka chini ya saa nzima. Ukiweza kupanga safari yako iangukie Jumapili, ipange.

*Kiingilio na masharti.* Viatu vinavuliwa nje, kila mtu, na kuachwa kwenye kaunta. Vaa soksi kama miguu yako haipendi sakafu ya baridi au mawe ya jua la mchana. Kuhusu picha, uliza getini, maana masharti yamebadilika mara kadhaa tangu nilipokuwa mwanafunzi.

*Miguu, jua na umati.* Mji uko juu, mita zaidi ya 700 kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni ya kuvumilika hata Aprili. Umati ndio shida. Njia ya ndani ni ya kwenda mbele tu. Wanafunzi wa shule wakiingia kwa mabasi unabebwa na mkondo, na ukumbi mkubwa wa baraza uko ghorofani, lazima upande ngazi. Mgonjwa wa goti afike mlango unapofunguliwa, siku ya kazi. Hapo unaona ugumu wake: siku nzuri ya taa ndiyo siku mbaya ya umati. Mwenye goti anaweza kuacha ndani Jumapili, akaja jioni kukaa uwanjani akatazama taa.

*Linamfaa nani.* Mwanafunzi wa Mysore au Bengaluru, familia yenye watoto, mpenda ufundi wa majengo, na mtu mwenye siku moja tu. Kama umekuja India kutafuta vitu vya kusoma na historia iliyoelezwa kwa kina, maelezo ya ndani yatakuacha na kiu.

Kasri la Chowmahalla, Hyderabad

*Njia na muda.* Liko mji mkongwe, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka Charminar, ule mnara wa minara minne uliojengwa mwaka 1591. Bajaji, ambayo wao huiita oto, inakufikisha kutoka popote mjini, ila foleni za mji mkongwe ni za kusubiri. Hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Ijumaa limefungwa. Ijumaa, narudia. Nimeona familia nzima imesimama nje ya geti na mgonjwa ndani ya gari, wamevuka jiji lote kwa kutokujua hilo. Makumbusho ya Salar Jung yaliyo karibu pia hufungwa Ijumaa, kwa hiyo usidhani utahamia huko.

Jambo jingine: ukimwambia dereva "kasri la Nizamu", yaani la mtawala wa zamani wa Hyderabad, anaweza kukupeleka Falaknuma, lililo kilimani. Hilo sasa ni hoteli ya kifahari. Sema Chowmahalla.

*Utakachokiona.* Jina lake ni makasri manne, na ndivyo lilivyo: majengo manne yamezunguka bwawa na bustani katika ua wa kusini. Lilianza kujengwa mwaka 1750 na kukamilika zaidi ya miaka mia moja baadaye, enzi za Nizamu wa tano. Hapa ndipo watawala wa Hyderabad walipopokea wageni na kutawazwa. Nizamu wa saba, Mir Osman Ali Khan, mwaka 1937 alitokea kwenye jalada la jarida la Time la Marekani akitajwa kuwa tajiri kuliko watu wote duniani. Mwaka 1948 jeshi la India likaingia, na dola yake ikaisha. Kasri lilikaa miaka mingi likioza, hadi Esra, mke wa zamani wa mjukuu wake, aliposimamia ukarabati na kulifungulia watu mwaka 2005. Mwaka 2010 ukarabati huo ulipewa tuzo ya UNESCO ya uhifadhi katika Asia na Pasifiki.

Kitovu chake ni ukumbi wa Khilwat Mubarak. Taa 19 za vioo kutoka Ubelgiji zinaning'inia juu ya jukwaa la marumaru lilikokuwa kiti cha mtawala, na kwa kuwa pande zote ni matao, upepo unapita na vioo vinagongana kidogo sana. Mama yangu alikaa kwenye ngazi za ukumbi ule karibu nusu saa akizisikiliza. Hakutaka kwenda kuona magari, ingawa yapo, pamoja na Rolls-Royce ya njano ya mwaka 1912. Juu ya lango kuna saa ya zamani inayotiwa ufunguo kila wiki na familia ya mafundi saa.

Sasa niseme la moyoni. Mswahili akifika Hyderabad hajafika ugenini kabisa. Katika jeshi la Nizamu kulikuwa na kikosi cha wapanda farasi Waafrika, na mtaa walikoishi bado unaitwa A.C. Guards kwa jina la kikosi chao. Wazao wao wapo hadi leo, wanaitwa Masidi, na mababu zao walivushwa kutoka Afrika ya Mashariki na Pembe ya Afrika, wengi wao wakiwa watumwa. Kikosi kilivunjwa dola ya Nizamu ilipoanguka. Kuna pia mtaa wa Barkas, wenye wazao wa Wahadhrami waliokuja kutumika jeshini kutoka kulekule walikotoka Wahadhrami wa Mombasa, Unguja na Tanga. Ngoma ya marfa inayopigwa kwenye harusi za mji ule imetoka kwa watu hawa. Niliisikia usiku mmoja kutoka dirisha la hosteli ya wagonjwa, na mama, aliyezaliwa Pangani, akauliza ni nani anaoza.

Kwa hiyo unapotazama picha za zamani ndani ya Chowmahalla, zile za baraza na gwaride, usiwatazame wafalme peke yao. Tazama na nyuso za walinzi. Mimi nilipita mara ya kwanza bila kuwaona, mara ya pili nikasimama.

Na lugha itakusaidia. Kiurdu na Kiswahili vimekopa kwenye kapu moja la Kiarabu na Kiajemi: dawa ni dawa, dunia ni dunia, kitabu ni *kitab*, habari ni *khabar*. Mzee aliyekuwa akichana tiketi alipojua hivyo alituita kila tulipokuja, akitaka neno jipya.

*Kiingilio na masharti.* Raia hulipa kidogo, mgeni zaidi, lakini si bei ya kuumiza ukilinganisha na Jaipur. Kamera inaweza kuwa na malipo yake, simu uliza. Viatu unabaki navyo sehemu kubwa ya kasri.

*Miguu, jua na umati.* Kati ya matatu, hili ndilo lenye utulivu. Bustani ni tambarare, kuna mahali pa kukaa chini ya kivuli, na hakuna mkondo wa watu unaokusukuma. Ngazi za kuingia kumbi zipo lakini ni chache. Jua la Aprili na Mei ni kali mno, nenda mara tu linapofunguliwa. Mwezi wa Ramadhani mji mkongwe unajaa kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane, na watu wanapanga foleni ya *haleem*, ambayo ukiionja utaikumbuka bokoboko ya nyumbani. Ni raha kubwa, ila si kwa mtu aliyeshonwa juzi.

*Linamfaa nani.* Mgonjwa anayepata nafuu na anayemuuguza, mzee, mtu anayependa kukaa kuliko kukimbia, na kila anayetaka kujua watu wetu walifikaje upande ule wa bahari. Watoto wadogo wanaweza kuchoka baada ya magari. Anayetafuta dhahabu na vito pia hatavikuta: vito vya Manizamu vilinunuliwa na serikali ya India mwaka 1995, havipo hapa.

Kasri la Jiji, Jaipur

*Njia na muda.* Kutoka Delhi ni kilomita kama 270, treni ya saa nne hadi tano. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana lakini kunachosha. Lala usiku mmoja. Desemba na Januari ukungu wa kaskazini huchelewesha treni kwa saa nyingi, kwa hiyo usipange kurudi Delhi siku ileile ya ndege yako ya nyumbani. Hufunguliwa kuanzia asubuhi, na kuna pia tiketi ya jioni wakati kasri limewashwa taa.

*Utakachokiona.* Mji wa Jaipur ulianzishwa mwaka 1727 na mfalme Sawai Jai Singh wa Pili, mpenzi wa hesabu na nyota, na kasri liliwekwa katikati ya ramani yake. "Sawai" maana yake ni moja na robo: mtu anayezidi wenzake kwa robo. Ndiyo maana juu ya Chandra Mahal, jengo la ghorofa saba ambamo ukoo bado unaishi, bendera hupepea na kabendera kadogo juu yake mfalme akiwepo. Rangi ya waridi inayojulikana na ulimwengu ilipakwa mwaka 1876 kumpokea mwana wa Malkia Victoria.

Nguvu ya Jaipur ni vitu na visa vyake. Ndani ya ukumbi wa baraza kuna mitungi miwili ya fedha, mirefu karibu sawa na mtu mzima, kila mmoja unachukua lita 4,000. Fikiria simtanki mbili za nyumbani, halafu uzione ni za fedha tupu. Mfalme Madho Singh wa Pili alialikwa London mwaka 1902 kwenye kutawazwa kwa Edward wa Saba. Kwa imani yake hakuweza kunywa maji ya ugenini, hivyo alisafiri na maji ya mto Ganges ndani ya mitungi hiyo. Ilitengenezwa kwa kuyeyusha sarafu 14,000, bila kiungo cha kulehemu. Mtoto wa kaka, miaka tisa, aliuzunguka mmoja mara tatu akitafuta mahali ulipounganishwa. Hakupapata.

Katika ua mdogo wa Pritam Niwas kuna milango minne, kila mmoja na majira yake. Wa tausi ndio unaopigwa picha zaidi, na watu hupanga foleni mbele yake. Wa maua ya waridi uko palepale na hauna mtu. Kwenye jumba la Mubarak Mahal kuna mavazi, likiwemo joho la Madho Singh wa Kwanza ambalo watu wawili wa kawaida wangeingia. Silaha zina chumba chao.

Mlango wa pili tu ni Jantar Mantar, uwanja wa vyombo vya nyota alivyojenga Jai Singh kwa mawe, na saa ya jua yenye urefu wa mita 27 hivi. Umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2010. Una tiketi yake, na kwa watoto ndiyo nusu ya raha ya siku.

*Kiingilio na masharti.* Tiketi ni za ngazi: ya kawaida inakupa ua na kumbi za makumbusho, na ukitaka vyumba vya ndani vya Chandra Mahal unalipa mara nyingi zaidi na kupewa mwongozaji. Kwa safari ya kwanza ya kawaida inatosha kabisa. Walinzi wenye vilemba vyekundu wanapiga picha na wageni na hutarajia bakshishi, neno ambalo halihitaji tafsiri. Kuwa na noti ndogo mfukoni au kataa kwa upole kabla ya picha. Waongoza wageni wapo getini, patana bei kabla hamjaanza kutembea. Hapa mwongozaji ana thamani kuliko kwenye makasri yale mawili, kwa kuwa visa haviko ukutani.

*Miguu, jua na umati.* Ua ni tambarare lakini ni za mawe na hazina kivuli, na baadhi ya kumbi ziko ghorofani. Mei na Juni joto huvuka nyuzi 40. Oktoba hadi Machi ndio wakati, na huo ndio wakati wa kila mtu. Nje ya geti wauzaji na madereva wana msisitizo. Tembea kama mtu anayejua anakokwenda.

*Linamfaa nani.* Mtu aliyeko Delhi mwenye siku mbili, familia yenye watoto wa shule, anayependa nguo na ufundi wa mikono, na anayetaka kuunganisha kasri, Jantar Mantar, Hawa Mahal na ngome ya Amber kwa safari moja. Halimfai mtu anayechoka haraka, wala mwenye bajeti ya kubana sana, maana tiketi za mahali kwa mahali zikijumlishwa zinauma.

Kwa hali yako

Upo Bengaluru na una siku moja huru: Mysore, wala usiangalie tiketi za ndege. Ukiwa na Jumapili, fika alasiri, ona ndani saa mbili za mwisho, kula dosa, kisha rudi uwanjani kabla ya saa moja. Usiku mabasi ya kurudi yanajaa, kata tiketi ya kurudi mapema.

Upo Hyderabad na mgonjwa: Chowmahalla, Jumamosi hadi Alhamisi, asubuhi. Soko la bangili la Laad liache kwa siku nyingine, au mpeleke mwenye nguvu peke yake.

Upo Delhi: Jaipur, kwa kulala usiku mmoja. Kama ni Mei na una mtoto mchanga, subiri msimu mwingine.

Mwanafunzi mwenye likizo ndefu na fedha kidogo anaweza kuunganisha Mysore na Hyderabad kwa treni ya usiku kupitia Bengaluru, akalala njiani na kuokoa malazi ya siku moja. Jaipur aiweke pamoja na safari ya kaskazini.

Wengi wetu huingilia Mumbai, na kuna anayekwama huko au Pune bila nafasi ya kwenda mbali. Pune ina kasri la Aga Khan, lililojengwa mwaka 1892. Ni la namna nyingine: Gandhi alifungwa humo kuanzia 1942 hadi 1944, na mkewe Kasturba alifia humo. Saa moja na nusu inatosha, na ni pa kunyamaza zaidi ya kupiga picha.

Ukiwa na mzee, tafuta kwanza vyoo viko wapi, kisha ndipo ukate tiketi. Beba maji. Dawa za mchana ziwe mkobani, zisibaki hosteli. Kiti cha magurudumu kiulizie getini hata kama hakuna tangazo.

Ndugu yangu alimpeleka shangazi Mysore siku ya Jumanne, wakawa getini kabla ya saa nne. Ngazi za ukumbi wa baraza hawakuzipanda. Alinitumia picha moja tu: shangazi amekaa kwenye ukingo wa ukumbi wa harusi, viatu hana, uso umeelekea juu, na kwenye khanga yake nyeupe pana doa la kijani la mkia wa tausi.